Vane Saba za Cimpunda

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, na katika biro yetu, yaani ofisi ya mradi wa maji, hakuna aliyenishinda kupiga mashine ya kuandika. Nalisema hili mapema ili msomaji ajue yuko na mtu wa namna gani. Nilijivuna. Niliamini kwamba jambo ambalo halijapigwa mashine, likatobolewa matundu mawili pembeni na kutiwa ndani ya farde, lile jalada la kuhifadhia karatasi, bado halijatokea duniani. Juu ya meza yangu nilibandika karatasi yenye maneno ambayo kila mtoto wa shule anayajua: mali bila daftari hupotea bila habari. Papa wa maji, yaani baba wa maji kama tulivyomwita, kila alipopita hapo aliyasoma kwa sauti, polepole, kidole kikifuata maneno, kisha akaniuliza kama nimekula.

Huyo papa wa maji alikuwa fundi wetu wa mabomba. Alikuwa Mushi, mtu wa kabila la Bashi, wa Nyantende, mrefu, mwenye koti moja la kijivu kwa mvua na kwa jua. Mradi wetu ulikuwa mdogo: parokia iliyashusha maji kutoka chemchemi ya huko huko upande wa Nyantende, ndani ya bomba la chuma, hadi kwenye tangi lililokaa juu ya Cimpunda, mtaa wa mlimani hapa Bukavu. Kutoka kwenye tangi maji yalishuka yenyewe, bila mashine wala umeme, yakigawanywa na vane saba, yaani vile vifungio vya chuma vyenye usukani mdogo ambavyo ukizungusha huku maji hupita, ukizungusha kule husimama. Vane zilikuwa zimefukiwa ardhini. Ingeniere, yaani mhandisi, alijua hesabu za mradi, mimi nilijua karatasi zake, na papa wa maji alijua mahali kila kitu kilipo. Ndiyo ekipe yetu yote.

Anayeijua Cimpunda anajua kwamba ua wa jirani yako wa juu unalingana na bati la nyumba yako. Mlima wote umevikwa nyumba, na kipande cha ardhi kilichosawazika ni bahati. Sasa, mtaro uliochimbwa zamani ili kulaza bomba ulikuwa umefukiwa vizuri, ukaacha utepe mwembamba wa ardhi laini, tambarare, ukipanda mlima. Watu waliiona bahati hiyo. Kabla ingeniere wetu hajafika, nyumba saba zilikuwa tayari zimekaa juu ya bomba, na moshi ulikuwa ukitoka majikoni.

Ingeniere alikasirika sana. Aliniamuru niandike listi ya nyumba za kubomolewa. Nilipanda Cimpunda siku mbili, nikanakili namba za parseli, yaani viwanja, zilizopigwa rangi milangoni, nikazipiga mashine kopi tatu kwa karatasi ya kaboni, bila kosa hata moja, na chini kabisa pembeni nikaweka herufi zangu mbili kama ilivyo desturi ya sekretere. Ilibaki papa wa maji atie sahihi, maana ni yeye aliyepaswa kuthibitisha kwamba bomba linapita pale.

Papa wa maji akasema miwani yake imevunjika. Nikangoja. Mwezi ukapita, akasema kioo cha kulia kimepatikana, kile cha kushoto bado. Nikamwambia jicho moja linatosha kutia sahihi. Akanijibu kwa upole mkubwa kwamba karatasi ya kubomoa nyumba ya mtu inataka macho mawili. Nilianza kutembea na ile listi ndani ya mkoba wangu, ili nimkamate popote nitakapomkuta. Nilimkamata mara nyingi. Hakutia sahihi hata siku moja, na wakati tukiwa bado tunavutana vita vya kwanza vikaingia mjini.

Sitasimulia vita. Waliovipitia wanavijua, na wasiovipitia siwezi kuwafundisha kwa aya moja. Nitasema tu kwamba ingeniere aliondoka asubuhi moja na mkoba mmoja, hatukumwona tena, na kwamba biro iliporwa mpaka vitasa vya milango. Plani zote za bomba zilikwenda. Wiki chache baadaye nilinunua sambaza za kukaanga, vile visamaki vya ziwani, soko la Kadutu, na nilipofungua ile karatasi iliyokunjwa kama pembe, niliona mwandiko wa ingeniere chini ya mafuta. Kilikuwa kipande cha plani yetu, sehemu ya kule Nyantende, isiyokuwa na vane hata moja. Nililia pale pale sokoni, halafu nikala sambaza, maana njaa nayo ilikuwepo.

Karatasi moja tu ya biro nzima iliokoka: listi ya nyumba za kubomolewa, kwa sababu ilikuwa mkobani mwangu. Niliiacha humo. Sikuwa na nia nayo tena. Nadhani nilipenda tu kuwa na kitu kimoja ambacho kilipigwa mashine vizuri.

Tuliendelea, mimi na papa wa maji, ndani ya chumba kidogo nyuma ya sakristia. Yeye alitengeneza, mimi niliandika alichotengeneza. Kisha, vita vya pili vilipokuwa vimekwisha kuanza kunguruma, akaja kuniambia kwamba binti yake wa Kamituga amefiwa na mume, amebaki na watoto wadogo, na kwamba yeye atakwenda kukaa nao kabla barabara haijafungwa. Alikuwa ananipa majuma matatu.

Baada ya huyu hapakuwa na mtu. Kila mita ya bomba ile ilikuwa ndani ya kichwa kimoja chenye mvi, na kichwa hicho kilikuwa kinakwenda kupanda kamyo, lile lori la Kamituga. Nikafanya nilichokijua. Nilinunua rejista yenye jalada gumu, nikachonga kalamu mbili, nikamwambia papa tutapanda kila siku mpaka yote yaingie humu.

Siku ya kwanza alinionyesha jambo ambalo mpaka leo likinijia nasimama. Alichukua nondo lake, ncha moja akaisimika ardhini, ncha ya pili akaiegemeza kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, akafumba macho. Watu walikuwa wanapita na mabidoni, madumu ya maji, watoto wanapiga kelele, redio inaimba. Yeye alikaa hivyo kitambo. Kisha akaniambia maji yanapita, lakini yamechoka kidogo hapa, labda kuna mzizi umeingia kwenye kiungo. Tulichimba. Mzizi ulikuwepo, mwembamba kama ndevu. Nikaomba nami nijaribu lile nondo, nikasikia damu yangu tu ikigonga.

Lakini safari zetu zilinichosha roho. Kila tulipofika penye vane, papa alitaka tuingie kwanza ndani ya nyumba ya jirani tusalimie. Mwenye nyumba daima alikuwa maman fulani, na daima kulikuwa na chungu motoni. Mimi sikuingia. Nilikuwa na sababu mbili, na zote mbili niliziona kubwa. Kwanza, majuma matatu si mwaka. Pili, nilitambua baadhi ya ile milango: ilikuwa ya nyumba za listi yangu, na nilijiambia kwamba mtu wa biro akiingia katika nyumba ya kubomolewa akaketi na kula, ameitambua nyumba ile. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikifikiri, katikati ya vita, katika mji ambao hapakubaki biro ya kubomoa hata banda la kuku.

Basi nilisimama kichochoroni na rejista yangu. Papa aliingia, nikasikia asinge, salamu ya Mashi, lugha ya huko, na vicheko, na kisha akatokea maman na sahani ya bugali na sombe, majani ya muhogo, akaniletea nilipo. Nilionja matonge mawili nimesimama, nikarudisha sahani, nikamwomba papa kipimo.

"Ingia kwanza, mutoto yangu," aliniambia siku moja. "Hii vane iko na maman yake. Andika jina la maman."

Nilimweleza kwamba dosie ya ufundi haiandikwi majina ya watu.

"Bantu banahama, papa," nikasema. "Muti haihame. Nipe hatua kutoka kwa muti."

Alinitazama, akacheka kicheko kidogo cha puani, akanipa hatua. Hatua tisa kutoka kwenye mparachichi, kuelekea ukuta wa mawe. Hatua kumi na nne kutoka kwenye mkalitusi uliopasuka. Niliandika kwa mwandiko wa kupendeza. Sikuzitembea zile hatua mimi mwenyewe, niliziandika tu. Kwa vane zote saba nilijaza kurasa ishirini na mbili, na jina la mtu halikuwemo.

Alipoondoka, nilimsindikiza mpaka kwenye kamyo. Alikuwa na kifurushi kimoja, na nondo lake aliliacha mikononi mwangu. Nilimwonyesha rejista, nikamwambia aende kwa amani, kila kitu kimo humu. Aliipokea, akaipima kwa mkono kama mtu anayepima kuku sokoni, akanirudishia. Akasema nisisahau kuwasalimia bamaman. Juma lililofuata barabara ya Kamituga ikafungwa.

Mwaka ule kiangazi kilikuwa kikali. Kamyo za makaa hazikuingia tena mjini, na watu waliohitaji kupika walitazama kilichokuwa karibu. Mparachichi ukaanguka. Mkalitusi uliopasuka ukaanguka, pamoja na ule ambao haukupasuka. Hata visiki vilichimbuliwa, maana kisiki kikavu hupika maharagwe vizuri kuliko tawi. Kuta za mawe zilibomolewa, mawe yakajengewa misingi ya vibanda vya watu waliokimbia vijijini, na vichochoro vikajikunja upya kuzunguka vibanda hivyo. Nilikuwa napita Cimpunda kila Jumapili kwenda misa na sikuona kwamba mlima unafuta rejista yangu, ukurasa kwa ukurasa.

Kisha mapigano yalipanda huko juu, bomu likaangukia bomba kubwa karibu na tangi. Maji yakakatika Cimpunda nzima. Waashi wawili wa parokia, watu wa roho ngumu, walikwenda mara tu kulipotulia, wakaifunga ile sehemu kwa mpira na simenti, na siku ya tatu tangi lilijaa. Tukalifungua. Hakikushuka kitu. Maji yalisimama ndani ya tangi kama yaliyogandishwa, na chini mabomba yalikuwa makavu.

Watu walishuka ziwani na mabidoni. Kolera haikukawia. Kituo cha afya cha mtaa kilijaza vitanda, kisha mikeka, kisha turubai uani. Maman muuguzi mkuu wa pale, mwanamke asiyepaza sauti, alikuja mpaka chumba changu nyuma ya sakristia. Hakuketi. Aliniambia kwamba wagonjwa wanaletewa maji ya kunawia kutoka ziwani, maji yale yale yaliyowaangusha, na klorini imebaki ya siku mbili. Akaniuliza maji yatarudi lini. Alikuwa ameambiwa kwamba mtu wa mwisho wa mradi ni mimi.

Nilichukua rejista, nondo na wale waashi wawili. Nilisimama pale nilipodhani mparachichi ulikuwepo, nikahesabu hatua tisa, tukachimba katikati ya kichochoro. Udongo mtupu. Nikahesabu tena kutoka mahali pengine. Tulichimba mashimo matatu siku ya kwanza na manne siku ya pili. Watu walipita kando ya mashimo na mabidoni yao ya maji ya ziwa, na nilitamani wanitukane. Niliegemeza nondo nyuma ya sikio. Damu yangu tu.

Jioni ya siku ile ya pili niliketi juu ya rundo la udongo, nikaingiza mkono mkobani kutafuta kitambaa cha kufutia uso, na mkono ukagusa ile listi. Niliitoa bila fikira. Ilikuwa imekunjwa mara nne, imechakaa kwenye mikunjo. Nikaisoma kama mtu anavyosoma chochote kilicho mbele yake. Nyumba ya kwanza, parseli fulani. Ya pili. Ya tatu. Nyumba saba.

Nyumba saba, vane saba. Nilikuwa nimeziandika zote mbili kwa vidole hivi hivi na sikuwahi kuziweka pamoja. Zile hatua tisa nilizoandika bila kuzitembea hazikuishia kichochoroni, zilipita mlangoni. Kila mara papa aliposema ingia, alikuwa akiniambia mahali vane ilipo. Nilisikia joto la aibu likipanda kutoka shingoni. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi nilikuwa nimevunjika yote mawili.

Asubuhi nilikwenda kwenye nyumba ya chini kabisa ya listi. Namba ya parseli ilikuwa bado mlangoni, rangi imefifia. Nilibisha. Alifungua maman mnene mwenye kitenge kilichofungwa kifuani na unga wa muhogo mpaka kwenye viwiko. Alinitazama usoni, kisha akatazama nondo.

"Umekawia," akasema. "Hii ni siku ya tisa niko nakungojea."

Aliniingiza jikoni. Aliondoa chungu, akaondoa mafiga matatu, akafagia majivu, akaninyooshea bamba la bati lililokuwa chini yake. Tulilinyanyua pamoja. Chini, ndani ya shimo lililojengwa kwa matofali safi, ilikaa vane. Nilitarajia kutu. Iling'aa. Usukani wake ulikuwa umepakwa mafuta ya mawese, mekundu, mabichi, na hapakuwa na hata utando wa buibui. Nilipiga magoti kuiangalia. Nimeingia katika makanisa makubwa maishani mwangu na sijapiga magoti kwa moyo kama nilivyopiga pale.

Maman alinieleza huku akifuta mikono. Papa wa maji aliwajia zamani, mmoja mmoja, wakati listi ilipotoka. Aliwaambia hataandika jina lake kwenye karatasi ile. Wao nao wailinde vane iliyo chini yao: wasiache mtoto aichezee, waipake mawese kila mwanzo wa mwezi, na siku robine, yale mabomba ya kuchotea maji, zikianza kukohoa na kutoa matope, waifunge mara moja, ili uchafu usiingie mabombani. Ndivyo walivyofanya bomu lilipoanguka. Walifunga zote saba kabla moshi haujatua. Kufunga waliruhusiwa kwa akili yao wenyewe. Kufungua, hapana. Kufungua ni mpaka mtu wa biro aje kusema kwamba bomba limepona, na mtu huyo walikuwa wamekwisha kuonyeshwa. Alikuwa msichana anayesimama kichochoroni na daftari. Walikuwa wamekwenda kuniulizia kwenye biro ya zamani, wakakuta askari wanalala humo, wakarudi.

Nikauliza kwa nini hawakuniita waliponiona nachimba mashimo. Akanijibu kwamba walidhani nachimba mahandaki ya kujifichia mabomu, maana siku zile kila mtu alikuwa anachimba la kwake, na kwamba walishangaa kidogo kuona naacha nusu na kuanza jingine.

"Basi, tiyo imepona?" akaniuliza.

"Imepona, maman."

Akainama, akashika usukani kwa mikono miwili, akaanza kuzungusha, akihesabu kwa Mashi, chini kwa chini. Mizunguko kumi na minne, wala si kumi na mitano. Polepole, akaniambia, maana maji yakifunguliwa haraka yanakasirika na kupasua bomba. Alipomaliza alitoka nje, akaweka kiganja kando ya mdomo, akaita kuelekea mlimani, kwa sauti ndefu ya kawaida, kama mtu anayemwita jirani aje achukue chumvi: yangu imefunguka.

Tukangoja. Kitambo kidogo, kutoka juu yetu, upande wa kushoto, sauti nyingine ya mwanamke ikaitika, nyembamba zaidi: na yangu imefunguka. Halafu ya tatu, mbali zaidi. Nilikuwa nasikiliza plani ya bomba letu, ile iliyoishia kufungia sambaza, ikipanda mlima kwa midomo ya watu.

Baada ya ya tatu kukawa kimya.

Nilijua nyumba ya nne. Maman wake alikuwa amekimbilia Nyantende tangu mapigano yaanze; jirani aliniambia hivyo siku ya mashimo. Niliwaza, haya, bantu banahama, ndiyo hayo niliyosema. Nilipanda mbio, nikiteleza kwenye vumbi. Mlango ulikuwa wazi. Ndani nilimkuta mwanamke kijana nisiyemjua, mtoto mgongoni, anazungumza kwa lafudhi ya watu wa Mwenga. Alikuwa ameinama jikoni, jasho linamtiririka, anazungusha usukani taratibu sana. Aliinua kidole nisimkatize hesabu.

Alipomaliza akaniomba radhi kwa kuchelewa. Alikuwa hajawahi kufungua, alifundishwa tu. Alifika Cimpunda na mwanawe bila hata mkeka, na mwenye nyumba, siku aliyokuwa anakimbia, alimwambia aingie akae, hataki kitu, ila kuna sharti moja. Akamketisha pale jikoni akamfundisha: mizunguko mingapi, mawese lini, neno gani la kuita. Alimfanya alirudie mara tatu, na magunia yake yakiwa tayari kichwani mwa watoto mlangoni. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Yule kijana alitoka nje na mtoto wake mgongoni, akaita kwa lafudhi ya Mwenga: yangu imefunguka. Na juu yetu ya tano ikaitika.

Ya sita. Ya saba. Kisha nikasikia waashi, niliokuwa nimewatuma mapema wakalifunge tangi na kungoja, wakigonga chuma kule juu, ishara kwamba wanafungua.

Sijui niseme vipi kilichofuata. Nilikuwa nimesimama kati ya nyumba ya nne na ya tano, nikakumbuka nondo. Nililisimika, nikaegemeza mfupa wa nyuma ya sikio, nikafumba macho kama alivyofanya papa. Kwanza damu yangu. Halafu, chini ya damu, kitu kingine, kirefu, kinakuja kutoka mbali, kinapumua. Kilipita chini ya miguu yangu na kuteremka. Huko chini robine za Cimpunda zikaanza kukohoa moja baada ya nyingine, zikatema hewa, zikatema kutu, zikatema maji mekundu, na mwishowe watu wakaanza kuinuka na mabidoni yao. Nililia tena, na safari hii sikuwa na sambaza za kunituliza.

Maman muuguzi alijaza mapipa ya kituo kabla ya saa sita. Kolera haikuondoka siku ile. Iliendelea kuchukua watu majuma mawili zaidi, na siku tisa zile, mbili zake nilizozipoteza kwa mashimo, ninazibeba. Lakini baada ya hapo turubai za uani zilikunjwa, kisha mikeka, na mwishowe wakabaki wagonjwa wa vitandani tu.

Alasiri ile nilirudi kwa maman wa kwanza kumshukuru. Mafiga yalikuwa yamerudi mahali pake, chungu juu yake, vane chini yake. Akanivutia kiti kidogo cha mbao karibu na moto. Niliketi. Nilikuwa nimechoka, na ile siri ya listi ilikuwa imenichosha zaidi. Nikaitoa listi mkobani, nikaikunjua juu ya magoti, nikamwonyesha zile herufi mbili pembeni.

"Hii karatasi, maman, ni mimi niliiandika."

Hakuitazama. Alikuwa anasonga bugali, mwiko mikono miwili.

"Tunajua," akasema. "Papa alituambia tangu siku ya kwanza. Alisema, yule mwenye kuandika listi, ndiye nitawaletea. Mumupe chakula."

Nikakumbuka zile sahani zote saba, zilizotoka nje kuja nilipo, na matonge yangu mawili mawili. Walikuwa wanajua. Nilimwuliza kwa nini papa amchague mtu kama huyo, wakati alikuwa anaweza kumfundisha mwashi, au katekista, au yeyote aliyewatakia mema.

Aliupakua ule bugali, akaupiga kwa mwiko ukawa duara, akaweka sombe pembeni.

"Tulimwuliza hivyo hivyo," akasema. "Akajibu, katika Bukavu yote ni mutu mumoja tu mwenye kuandika nyumba zenu zote saba bila kukosea hata moja. Huyo atafika. Ila hakutuambia kama utakawia hivi."

Akanisogezea sahani. Nilinawa mikono kwa maji ya robine, nikala nimeketi, mpaka sahani ikabaki tupu.